Lidwien na Mlango wa Uani

Mtaani Kaardestraat, mjini Tilburg, Uholanzi, ukisikia kengele ya mlango wa mbele imelia, roho inakuwa juu. Ama ni polisi, ama ni padri, ama ni mtu anayeuza kitu usichokihitaji. Watu wako hawabonyezi kengele. Watu wako wanapita kichochoro cha nyuma, wanasukuma geti la mbao, wanaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jikoni, na wewe unawaona wakiwa wameshafika mezani: "Mpo? Kahawa ipo?" Mlango wa mbele hufunguliwa bibi harusi akitoka na jeneza likitoka, na katikati hapo unakaa umefungwa mpaka mbao zinavimba. Watu wa Amsterdam wakielezwa haya wanacheka. Wacheke tu, sisi ndivyo tulivyo.

Lidwien Verschuren alizaliwa na kukulia humo. Baba yake, Nillis, alikuwa mfumaji katika kiwanda cha sufu mpaka kiwanda kilipofungwa. Mama yake, Drika, alifundisha ushonaji kwenye nyumba ya mtaa, jengo la majirani wote, la matofali mekundu, lililokuwa mwisho wa kichochoro. Ukiambiwa "pita uani" na mtu wa Kaardestraat, basi umeshakuwa mtu wa nyumba. Jirani yao Mama Sevgül, aliyeletwa kutoka Uturuki akiwa bibi harusi mbichi, hupenda kusimulia jinsi alivyokuwa akibonyeza kengele ya kina Verschuren kila aliporudisha bakuli, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja Drika akamtokea amefura. "Wewe Sevgül, utanilizia kengele mpaka lini? Mimi daktari wa meno? Pita uani, mwanamke!" Mama Sevgül anasema siku hiyo ndiyo aliyohamia Uholanzi, hiyo miaka ya nyuma alikuwa njiani tu.

Lidwien alikuwa na kichwa chepesi, akaenda kusomea usanifu wa majengo chuoni Delft. Mwaka wa kwanza akaalikwa chakula nyumbani kwa mwalimu wake, nyumba kubwa yenye bustani mbele na nyuma. Akafanya alivyolelewa. Akazunguka nyuma, akafungua mlango wa jikoni, akaingia na keki mkononi na kusema kwa sauti, "Mpo?" Mke wa mwalimu alikuwa amesimama pale na gauni la kulalia, kichwa kimejaa rangi ya nywele. Akapiga ukelele uliowaleta mbio kutoka sebuleni wageni waliowahi kufika. Chakula kizima gumzo likawa ni hilo, na mwanafunzi mmoja akamuuliza kama huko kwao watu huingia pia kwa dirisha. Lidwien alicheka pamoja nao, akacheka hata kuwashinda, na huku ndani anatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo akajifunza kubonyeza kengele na kuongea kama wao, na habari za Kaardestraat akawa hazitaji mbele za watu.

Miaka ikapita, Drika akafariki, na nyumba ya mtaa ikaanza kuvuja. Manispaa ikauza kiwanja, kampuni moja ikanunua ili ijenge hoteli, na kazi ya kuisanifu akaipata Lidwien. Mnaweza kufikiri mtaa ulifurahi. Mtaa uliwaka moto. Wazee walikuwa tayari kwenda kulala mbele ya matingatinga, na Mama Sevgül alikuwa ameshatayarisha mito ya kulalia.

Lakini Lidwien alikuwa na wazo, na kusema kweli lilikuwa wazo zuri. Alilitoa utotoni. Wakati mmoja dereva wa lori, Mreno, aliharibikiwa na gari karibu na kiwanda. Akaona taa jikoni mwa nyumba ya mtaa, akapita uani, akaingia. Alikaa pale hadi lori lilipopona. Mchana akajifunza kwa Nillis kufuma mkanda, na yeye akamfundisha Nillis kupandikiza kitawi cha mti mmoja juu ya mti mwingine. Mpaka leo mpeasi ulio nyuma ya nyumba ya kina Verschuren unazaa peasi za aina mbili, za kijani upande huu na za kahawia upande ule. Lidwien alitaka hoteli ya namna hiyo. Kiini chake kiwe chumba cha majirani, chenye oveni na cherehani na meza iliyokwaruzika. Mgeni aliyelala juu ateremke ajifunze kutia kiraka au kuoka mkate wa soseji, na yeye amsaidie mtoto wa mtaa hesabu, au awafundishe wazee maneno ya kwao. Na chumba hicho kiwe na mlango wa uani, unaofunguka kwenye kichochoro kilekile.

Nillis aliutazama mchoro huo mezani kwake jikoni, akauzungusha, akaweka kidole juu ya ule mlango mdogo.

"Huu ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe, Baba."

"Hauna kengele?"

"Hauna hata kitasa cha maana. Unasukuma tu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Jioni hiyo akaenda kwenye kikao cha mtaa, akasimama mbele ya watu ambao alifanya nao kazi na kuzika nao. "Huyu mtoto mnamjua," akawaambia. "Nyote mmemfuta makamasi. Chumba chetu kinabaki, na tutapita uani kama siku zote. Hilo nawaambia mimi Nillis." Watu wakamwamini. Si hoteli waliyoiamini, wala si Lidwien. Mito ya Mama Sevgül ikarudi kitandani.

Meneja wa hoteli alikuwa Wouter Hazelhoff, mtu wa Haarlem, mrefu, mwenye miwani ya kijani na moyo mwema. Nasema moyo mwema kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya shetani, na hakuwa. Msingi ulipokuwa unachimbwa alimwita Lidwien ofisini, ramani imetandazwa mbele yake.

"Lidwien, kitu hiki kinaninyima raha. Wageni wetu wanaingia kwa mlango wa kioo, zulia, maua. Halafu watu wa mtaa, wazee wa viwandani, akina mama wahamiaji, tunawapitisha nyuma? Karibu na mapipa ya taka? Hujaona linavyoonekana?"

"Si hivyo, Wouter. Huku kwetu..."

Akaishia hapo. Alikuwa na maneno yote mdomoni. Angeweza kumwambia kuhusu geti na kahawa, kuhusu mama yake na Sevgül. Lakini mbele ya ile miwani ya kijani aliliona tena gauni la kulalia, akaisikia meza nzima ikicheka, na mtu anauliza habari za dirisha. Uso ukamwaka moto. Alikuwa mtu mzima mwenye jina mjini, na bado aibu ile ilimrudisha kuwa msichana.

"Huku kwenu vipi?" Wouter akauliza kwa upole.

"Hamna kitu."

"Mimi nataka waingie kwa mlango mkubwa, kama wafalme. Na pale nyuma tupate stoo ya mashuka, maana hatuna. Kuna ubaya tukiuondoa?"

"Hapana," Lidwien akasema. "Ni mlango tu."

Lidwien hakumwambia baba yake. Kila Jumapili alipita uani, akanywa kahawa, kopo la biskuti liko wazi mezani kama kawaida ya jikoni, ujichukulie utakavyo, na kila Jumapili akaona afadhali angoje ijayo. Nillis aliuliza habari za oveni na urefu wa meza, na yeye akajibu hayo kwa furaha na kirefu. Kuhusu mlango mzee hakuuliza. Angeuliza nini, wakati aliuona kwa macho yake kwenye mchoro?

Siku ya ufunguzi majirani walikuja wote. Wanaume walivaa suti za mazishi, maana hizo ndizo nguo za mlango wa mbele, na wanawake walibeba mikoba ya kanisani. Wakaingia kwa mlango wa kioo mmoja mmoja, wakijifuta viatu kupita kiasi. Wakasimama wameegemea ukuta wa chumba chao wenyewe, vikombe mikononi, na hakuna aliyevuta kiti. Wouter alizunguka akiwaambia, "Jisikieni nyumbani," nao wakamjibu, "Asante sana, bwana." Lidwien aliona mikono ya Mama Sevgül, ambayo hajawahi kuiona imetulia, imeshikana juu ya mkoba kama ya mtu anayengoja kliniki.

Nillis hakuwemo ndani. Lidwien alimkuta nyuma, kichochoroni, anatembea polepole kando ya ukuta mpya huku anaupapasa kwa kiganja.

"Mlango uko wapi?" mzee akauliza.

"Baba, tuliona ni vizuri zaidi mwingie mbele. Kwa heshima."

"Aa," mzee akasema. Akaondoa mkono ukutani, akaupangusa kwenye suruali ya suti, akamfuata bintiye mpaka mbele.

Baada ya hapo hakuja mtu wa mtaa. Lidwien alibandika matangazo, akapanga jioni za kuoka, jioni za cherehani, jioni za karata. Wageni ndio walioteremka. Mnorwe mmoja aliyesoma tangazo la kutia viraka soksi alishuka na soksi yake, akakaa kwenye ile meza ndefu mpaka chakula cha jioni kilipokwisha, kisha akaikunja vizuri akarudi nayo chumbani. Lidwien alimwona kupitia kioo, akatamani aende akamshonee mwenyewe. Hakwenda, maana hata yeye hakujua kushona. Kila mama yake alipotaka kumfundisha, alikuwa na mtihani.

Wouter akaanza kuguna. Mwisho akasema wazi kwamba kama kufikia Kwaresima chumba kitakuwa bado kitupu, kitageuzwa ukumbi wa mazoezi. Wageni walikuwa wanaulizia mashine za kukimbilia.

Lidwien akaenda kwa Mama Sevgül, kwa kupita uani, akamkuta anakanda unga.

"Mama Sevgül, mbona hamji? Chumba ni chenu."

"Nilikuja."

"Lini?"

"Wiki ileile ya kwanza. Nilikuwa nakanda hivihivi, nikasema ngoja nikajaribu hiyo oveni yao. Nikaenda na aproni yangu na beseni. Yule binti wa mapokezi akasimama. Akatabasamu. Akaniambia, 'Karibu sana mama, nikusaidie nini?' Akanifungulia mlango wa pili, akanionyesha pa kuweka koti. Amenikaribisha vizuri mno, mwanangu. Ndiyo maana sikurudi."

Mama Sevgül akaupiga unga ngumi.

"Mimi kukaribishwa nimekaribishwa sana katika nchi hii," akasema. "Nimechoka. Mama yako hakunikaribisha, mama yako alinigombeza. Wewe mtoto wa Drika, hili hukulijua?"

"Nililijua."

"Ulilijua, ukafanyaje sasa?"

Mama Sevgül akashusha pumzi, akamsogezea kipande cha mkate wa jana na jibini. Lidwien alikila huku machozi yanamlengalenga.

Siku ya pili alikuwa ofisini kwa Wouter kabla bwana huyo hajavua koti.

"Tubomoe ukuta wa stoo. Turudishe ule mlango."

"Stoo ina mabomba ya kufulia sasa, Lidwien. Wewe mwenyewe ulipeleka mabomba pale."

"Najua nilichopeleka! Hawaji kwa sababu ya mlango. Huku kwetu mbele ni kwa wageni na maiti, Wouter. Ndugu anapita nyuma. Nimewajengea chumba, halafu nikawageuza wageni ndani yake."

Sasa aliyasema yote, geti, kengele, mama yake, hata gauni la kulalia la mke wa mwalimu. Wouter alivua miwani akasikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Hilo ndilo lililomuumiza Lidwien kuliko kama angecheka.

"Jambo zuri kabisa hili," Wouter akasema polepole. "Mbona hukuniambia wakati ule? Ningeujenga kwa mikono yangu." Kisha akatikisa kichwa. Mashine za mazoezi zilikuwa zimeshaagizwa, na wenye kampuni hawakutaka kusikia tena habari za kubomoa. Ila atawaita majirani awaeleze mwenyewe, ana kwa ana. Aliona huo ndio uungwana.

Wakaja tena na suti zao. Wouter akawaeleza kwa lugha laini kwamba chumba hakikutumika, na kwamba watapewa punguzo kwenye mashine. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mashine hizo zinafuma sufu, na watu wakacheka kidogo. Kisha Nillis akainuka, kofia mkononi.

"Mimi niliwaahidi hawa mlango wa uani," akasema. "Nataka tu kujua ni nani aliyeuondoa."

Lidwien alikuwa amekaa pembeni ya Wouter. Akafungua mdomo. Lakini Wouter, kwa nia njema, ili mzee asidhani kuna mtu alimdhulumu, akawahi.

"Hakuna aliyeuondoa kwa ubaya, mzee wangu. Tulikubaliana. Tena binti yako mwenyewe nilimuuliza, akasema ni mlango tu."

Majirani hawakumtazama Lidwien. Walimtazama Nillis, na walimtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyeibiwa na wa nyumbani kwake. Mzee aliigeuza kofia yake, akaivaa humohumo ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akatoka kwa mlango wa kioo.

Jumapili Lidwien alikwenda kama kawaida. Mvua ilikuwa inanyunya. Akapita kichochoro, akafika kwenye geti la mbao, akasukuma. Halikwenda. Akasukuma kwa bega, akasikia komeo likigonga chuma. Hakujua kwamba geti lile lina komeo. Juu ya ukuta aliyaona matawi ya mpeasi, makavu, na moshi wa jikoni unatoka.

"Baba!" akaita. "Baba, geti limefungwa!"

Moshi ukaendelea kutoka. Dirisha la Mama Sevgül likafunguka kidogo, likafungwa. Lidwien akaiacha baiskeli kichochoroni, akazunguka mtaa mzima hadi mbele, akasimama kwenye ngazi ya nyumba aliyozaliwa. Mlango huo ulifunguliwa mara ya mwisho siku walipomtoa mama yake. Akatafuta kengele ilipo, akaibonyeza.

Alisikia mzee akihangaika ndani. Mbao zilikuwa zimevimba. Mlango ukatikisika, ukakwama, ukatikisika tena, mwisho ukaachia kwa kishindo. Nillis alikuwa amevaa koti.

"Karibu, Bi Msanifu."

"Baba, usiniite hivyo. Geti la nyuma umelifunga."

"Ni mlango tu," Nillis akasema.

Akamkalisha sebuleni, kwenye kiti ambacho padri hukalia. Akaleta kahawa kwa vikombe vyenye visahani. Akafungua kopo la biskuti, akamnyooshea, Lidwien akachukua moja, na mzee akarudisha kifuniko akakibana kwa viganja viwili. Akauliza kama kazi inaendelea vizuri. Akasema mvua imezidi mwaka huu.

"Baba, niliona haya," Lidwien akasema. Sauti ilimtoka vibaya. "Niliona haya kumwambia yule bwana kwamba kwetu tunapita uani. Si kwamba nilisahau. Niliona haya."

Nillis alikirudisha kikombe chake kwenye kisahani.

"Hilo ndilo nililofikiri," akasema. "Nikajiambia labda amesahau. Nikaomba iwe amesahau."

Kahawa ilipoisha alisimama, na Lidwien akasimama pia, maana ndivyo afanyavyo mgeni. Nillis alimsindikiza mpaka mlango wa mbele, akamshukuru kwa kuja. Lidwien akashuka ngazi. Nyuma yake mzee alisukuma mlango ufunge, nao ukakataa. Akasukuma tena, anahema, na pengo likabaki pana kama kiganja, na ndani ya pengo lile Lidwien aliuona mkono wa baba yake juu ya mbao.

"Haufungi," Nillis akasema kutoka ndani. "Nisaidie. Vuta."

Akarudi ngazini, akashika kitasa cha shaba kwa mikono miwili.

"Vuta kwa nguvu, mwanangu," mzee akasema.

Akavuta.